Karatasi za Kitui na Makueni ndani ya benki ya zamani: mwongozo kwa msomaji wa Pwani

Ukimuuliza mtu wa Nairobi mkutane wapi mjini, mara nyingi atakujibu "Akaivzi". Watu husimama mbele ya lile jengo la mawe lenye nguzo, baina ya Moi Avenue na Tom Mboya Street, wakingoja mwenzao au wakingoja matatu, kisha wakenda zao. Wachache sana hupanda zile ngazi. Na miongoni mwa hao wachache, sisi watu wa Pwani ni wachache zaidi, ilhali ndani ya jengo hilo mna karatasi zinazotuhusu kuanzia Vanga hadi Kiunga.

Safari hii sikwenda kwa ajili ya Pwani. Nilikwenda kutafuta habari za Kitui na Makueni, kwa sababu kila apandaye basi kutoka Mombasa kwenda Nairobi huipita Makueni nzima, Mtito Andei, Kibwezi, Makindu hadi Emali, na hajui zaidi ya mahali basi liliposimama watu wanywe chai. Nilichokipata kilinirudisha nyumbani kwa njia ambayo sikuitazamia. Ndiyo maana naandika makala hii kwa urefu kidogo, iwe mwongozo kwa atakayetaka kufuata njia hiyo hiyo.

JENGO LENYEWE

Makavazi ya Kitaifa yaliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965, miaka miwili baada ya uhuru. Jengo lenyewe ni la zamani zaidi. Lilijengwa mwaka 1906, Nairobi ikiwa bado mji wa mabati na tope uliozaliwa na reli, na kwa miaka mingi lilikuwa la benki, Benki ya India. Makavazi yaliingia humo katika miaka ya sabini.

Hapo mtu wa Pwani atabasamu kidogo, kwani benki katika nchi hii zilianza kwetu kabla ya kupanda bara. National Bank of India, ambayo ndiyo mama wa KCB ya leo, ilifungua tawi Mombasa mwaka 1896, na Nairobi ikafuata mwaka 1904. Fedha ilipanda na reli, ikafuata njia ile ile ya misafara ya pembe.

Benki ni nyumba inayofaa kuhifadhi karatasi. Kuta zake ni nene, milango ni mizito, na tangu mwanzo ilijengwa kwa fikra moja: kilichowekwa humu kisipotee, na kila kitoacho na kiingiacho kiandikwe. Zamani waliweka rupia na shilingi. Leo wameweka barua, ripoti, ramani, picha na magazeti. Mali imebadilika, kazi ya ulinzi ni ile ile.

GHOROFA YA CHINI: MALI YA MURUMBI

Ukiingia tu unakuta makumbusho madogo. Hii ni sehemu ya mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyezaliwa mwaka 1911, baba yake akiwa Mgoa na mama yake Mmaasai. Alikuwa Makamu wa pili wa Rais wa Kenya, akashika cheo hicho mwaka 1966 na kukiacha mwaka huo huo. Wanasiasa wengi wakitoka madarakani huacha madeni na kesi. Yeye aliacha vitabu na sanaa. Alikuwa na maelfu ya vitabu adimu vilivyochapishwa kabla ya mwaka 1900, pamoja na vinyago, vitambaa, silaha, mapambo na vyombo kutoka pembe zote za Afrika. Matajiri wa ng'ambo walikuwa tayari kununua. Yeye akapendelea vibaki Kenya, na serikali ikavichukua. Alifariki mwaka 1990 na kuzikwa City Park, Nairobi.

Zunguka pole pole katika ukumbi huu. Lakini usifanye kama wageni wengi, ambao hutazama vinyago nusu saa, wakapiga picha wakatoka, wakidhani wamemaliza. Hazina kubwa ya jengo iko juu, katika chumba cha kusomea, na huko hakuna kioo cha kutazamia. Huko unaomba faili kwa namba, unaletewa, unakaa nayo mezani.

KITUI NA MAKUENI KATIKA FAILI

Namba ndizo ufunguo. Faili za mkuu wa wilaya ya Kitui zimewekwa chini ya alama DC/KTI, na za Machakos chini ya DC/MKS. Atafutaye Makueni asihangaike kutafuta jina hilo katika karatasi za kikoloni kama wilaya, kwani hataliona. Makueni ilikuwa sehemu ya Machakos mpaka ilipokatwa kuwa wilaya mwaka 1992, kisha ikawa kaunti baada ya Katiba ya 2010. Kwa hivyo Wote, Kilungu, Mbooni, Nzaui na Kibwezi zote utazitafuta Machakos.

Uti wa mgongo wa faili hizi ni ripoti za mwaka. Kila mwaka mkuu wa wilaya aliandika mvua ilinyesha kiasi gani, chakula kilipatikana au hakikupatikana, kodi ilikusanywa vipi, machifu ni nani, mifugo ina maradhi gani, nani amefunguliwa shule na nani amefungwa jela. Ukisoma ripoti za miaka kumi mfululizo unaanza kuiona nchi ikipumua: mwaka wa mavuno, mwaka wa nzige, mwaka wa njaa.

Na njaa ndiyo kalenda ya Ukambani. Mkamba wa makamo ukimuuliza babu yake alizaliwa lini hatakutajia mwaka, atakutajia njaa. Njaa huitwa "yua", na kila moja ina jina lake. Iko Ngomanisye, ile kubwa ya mwisho wa karne ya 19, wakati reli inapita na mizoga ya ng'ombe imetapakaa. Iko Yua ya Ndeke ya mwaka 1961, njaa ya ndege, kwa sababu chakula kililetwa kwa ndege baada ya ukame kufuatiwa na mafuriko. Iko Nikw'a Ngwete ya mwaka 1984, maana yake nafa hali ninazo mkononi: pesa zipo, cha kununua hakuna.

Hapa ndipo nilipoona kazi ya makavazi. Mezani kwa jirani yangu alikuwa amekaa mzee mmoja, mwalimu mstaafu kutoka upande wa Mutomo, Kitui. Alikuwa na daftari lenye majina ya njaa upande mmoja na miaka upande wa pili. Majina aliyapata kwa mama yake na shangazi zake, na miaka alikuwa akiitafuta katika ripoti. Akipata mwaka wa njaa, ameupata mwaka wa kuzaliwa fulani, mwaka wa kuhama kwa fulani, mwaka shamba fulani lilipofyekwa. Nilimwuliza, "Mwalimu, karatasi na maneno ya wazee yakigongana, unaamini lipi?" Akanijibu kwamba karatasi inajua mwaka, lakini mama alijua sababu. Sijapata jawabu bora kuliko hilo katika vitabu vya wataalamu.

WAKAMBA NA SISI

Msomaji anaweza kuuliza, haya yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ndiyo iliyoteremsha pembe nyingi kutoka bara hadi Mombasa, na njaa za karne hiyo ziliwaleta Wakamba kukaa Rabai na sehemu za Kwale. Wajukuu wao wako huko hadi leo, ni jirani zetu na wakwe zetu.

Aliyekuwa bwana wa biashara hiyo upande wa Kitui ni Kivoi. Mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kukaa Rabai, alimfuata Kivoi hadi Kitui. Huko, tarehe 3 Disemba 1849, ndiko alikouona mlima wenye theluji, akauandika kwa jina alilolisikia kwa Wakamba. Kwa hivyo neno Kenya liliingia katika karatasi za wazungu kupitia Kitui. Miaka miwili baadaye, mwaka 1851, Kivoi aliuawa safarini karibu na Mto Tana, Krapf akiwa katika msafara huo huo, na kurudi kwake hai ni kudra ya Mwenyezi Mungu.

Krapf huyo huyo alichapisha Injili ya Marko kwa Kikamba mwaka 1850, akaandika kamusi kubwa ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1882, na pia akachukua miswada ya tenzi zetu kuipeleka Ujerumani. Mtu mmoja, mikono miwili: mmoja Kitui, mmoja Pwani. Tutarudi kwake.

Hata ramani inashuhudia. Mji wa Sultan Hamud, mpakani mwa Makueni na Kajiado, umepewa jina la Sayyid Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar, aliyetawala kuanzia 1896 hadi 1902, wakati reli inajengwa. Abiria wengi wa Mombasa hupita hapo wakadhani ni sultani wa bara.

MUINDI MBINGU, MACHAKOS HADI LAMU

Lakini kisa kinachounganisha Ukambani na Pwani kwa uchungu zaidi ni cha Muindi Mbingu, na hiki kila kijana wa Lamu angepaswa kukijua.

Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kwamba Wakamba wa wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni ya leo, wana mifugo mingi kuliko ardhi inavyoweza kubeba. Ikaanza kuwanyang'anya ng'ombe na kuwauza kwa nguvu kwa bei duni. Haikusema kwamba ardhi ilikuwa finyu kwa sababu malisho mazuri yalikuwa yamekatwa wakapewa walowezi. Wakamba wakajipanga katika chama chao, Ukamba Members Association. Mwezi Julai maelfu yao, wake kwa waume na watoto, wakatembea kwa miguu hadi Nairobi wakapiga kambi Kariokor, wakisema hawaondoki mpaka Gavana awasikilize. Walikaa hapo majuma kadhaa bila kurusha jiwe. Gavana Brooke-Popham akalazimika kwenda Machakos mwenyewe, na mwishowe serikali ikaacha uuzaji wa nguvu.

Wakamba walishinda, lakini kiongozi wao alilipa. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa Lamu kama mhamishwa, akakaa huko miaka yote ya vita vya pili vya dunia. Leo Nairobi kuna barabara kubwa yenye jina lake. Lamu alikokaa miaka hiyo, ni wangapi wanaojua nyumba aliyolala?

Anayetaka kumfuata mtu huyu lazima afungue kabati mbili, la Machakos na la Pwani. Hilo ni funzo la kwanza la makavazi: historia ya mtu haikai wilaya moja. Mkoloni alipotaka kumnyamazisha mtu wa bara alimleta kwetu, kwani visiwa vyetu vilikuwa mbali na watu wake. Basi karatasi za Ukambani ni karatasi zetu, na zetu ni zao.

NAMNA YA KUSOMA FAILI YA MTAWALA

Nionye hapa, hasa vijana wanaosoma vyuo vikuu. Faili si Msahafu. Imeandikwa na mtu mwenye kazi ya kutawala, akimwandikia mkubwa wake, na akitaka aonekane anafanya kazi vizuri. Aliyedai haki yake ataitwa mchochezi. Kijiji kilichokimbia kodi kitaitwa kijiji cha wavivu. Mwanamke hatajwi ila akiwa na kesi. Na mengi aliyoyaandika mkuu wa wilaya aliyasikia kwa mkalimani au kwa chifu, kila mmoja na maslahi yake.

Kwa hivyo soma mistari, kisha uliza: nani kaandika, kwa nani, mwaka gani, na nani hakuulizwa? Tuna elimu ya kale ya kupima habari kwa kupima wapokezi wake. Wanavyuoni wa hadithi walifanya kazi hiyo karne nyingi kabla ya vyuo vikuu. Elimu hiyo hiyo itumie hapa. Isnadi ya faili nayo ina wapokezi dhaifu.

VILIVYOKOSEKANA

Jua pia kwamba si kila kitu kimo. Moto wa mwaka 1939 uliteketeza karatasi nyingi za makao makuu ya serikali Nairobi. Kisha mwaka 1963, karibu na uhuru, Waingereza walichagua faili walizoona ni hatari wakazisafirisha kwao. Kwa takriban miaka 50 zilifichwa. Mwaka 2011, kwa sababu ya kesi ya wazee wa Mau Mau katika mahakama ya London, serikali ya Uingereza ikakiri kwamba inazo Hanslope Park, faili za Kenya pamoja na za makoloni mengine. Ushahidi huo ukasaidia kuleta malipo ya pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 mwezi Juni 2013.

Tafakari, ndugu msomaji. Wazee wale walikuwa wakisema miaka yote kwamba waliteswa, na hawakusikilizwa. Ilipotoka karatasi, wakasikilizwa. Katika dunia hii ya mahakama, neno la mzee huitwa porojo mpaka karatasi imshuhudie. Ni dhuluma, lakini ndivyo ilivyo.

NA SISI JE?

Hapa ndipo safari ya Ukambani iliponirudisha nyumbani.

Wakamba wa zamani hawakuwa na maandishi yao wenyewe. Walihifadhi kwa kumbukumbu, kwa nyimbo na kwa majina ya njaa, na kilichoandikwa juu yao kiliandikwa na wengine. Sisi tuliandika wenyewe. Katika makavazi ya Goa, India, kuna barua za Kiswahili kwa khati za Kiarabu zilizotoka Kilwa mwaka 1711. Mswada wa Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Bwana Mwengo wa Athumani, una tarehe ya 1728. Muyaka bin Haji alitunga Mombasa kabla Krapf hajazaliwa na baada yake. Makadhi na maliwali waliandika hati za nyumba, za mashamba, za waqfu, za ndoa na za mirathi, miaka na miaka.

Ziko wapi? Tambuka iko Hamburg. Miswada aliyochukua Krapf iko Halle. Mashairi ya Muyaka yaliyokusanywa Mombasa na W. E. Taylor kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua yako London, chuo cha SOAS. Mwanafunzi wa Kilifi anayetaka kuyaona kwa macho yake aombe viza kwanza.

Sisemi kwamba waliozichukua wote ni wezi. Mengine yaliuzwa, mengine yalitolewa kwa urafiki, na ukweli mchungu ni kwamba mengi ya yale yaliyobaki kwetu hayapo tena. Yameliwa na mchwa. Yamelowa na mvua ya paa la makuti. Yamechomwa na wajukuu waliodhani kila karatasi yenye herufi za Kiarabu iliyochakaa dawa yake ni moto, wakachoma hati ya shamba la babu yao pamoja na juzuu.

Na hati ya shamba si jambo la kumbukumbu tu. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa Pwani wapeleke madai yao yaandikwe. Ambaye hakudai, ama kwa kutojua, ama kwa umbali, ama kwa kuwa ardhi yake ilikuwa ya ukoo na si ya mtu mmoja, ardhi yake ikahesabiwa kuwa ya serikali. Watu wakaamka maskwota katika makaburi ya babu zao. Jeraha hilo bado linatoka damu Kilifi, Kwale, Lamu na Mombasa. Kila karatasi tunayoiacha ioze ni shahidi tunayemzika hai.

Si kwamba hakuna wanaojitahidi. Msikiti wa Riyadha, Lamu, miswada yake imepigwa picha kwa mradi wa British Library wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, na miswada yenyewe ikabaki Lamu, mikononi mwa wenyewe. Zanzibar wana makavazi yao Kilimani yenye miswada ya Kiarabu. Mfano huo wa Riyadha naona ndio wa kuigwa: picha ziende duniani, asili ibaki nyumbani.

UKITAKA KWENDA

Makavazi ni ya umma, na kila Mkenya ana haki ya kuingia. Chukua kitambulisho. Kwa kutazama makumbusho ya chini na kwa kusoma faili kuna ada, na ya msomaji ni tofauti na ya mgeni wa kutazama, kwa hivyo uliza mlangoni. Nenda asubuhi siku ya kazi, si saa tisa alasiri.

Mkoba utauacha. Chukua penseli na daftari, kwani wino na karatasi za kale si marafiki. Kabla ya kwenda, andika unachotafuta: jina la mahali, jina la chifu au liwali, miaka. Usiseme "nataka historia ya Kwale", utamchosha mhudumu bure. Sema "nataka ripoti za mwaka za Kwale baina ya 1920 na 1930". Kwa Pwani anza na alama PC/COAST, ambazo ni karatasi za mkuu wa mkoa. Faili za serikali kwa kawaida hazifunguliwi mpaka zitimize miaka 30. Na andika namba ya kila faili uliyosoma, hata iliyokosa faida, usije ukairudia.

Asiyeweza kufika Nairobi ajue kuna tawi Mombasa. Anzia hapo.

NYUMBANI, KABLA HUJAFIKA MAKAVAZINI

Mengi hayahitaji serikali. Fungua kasha la bibi leo. Ziweke karatasi juu, mbali na sakafu na ukuta wenye unyevu, ndani ya bahasha za karatasi na si mifuko ya plastiki inayotoa jasho. Usizigandishe kwa selotepu wala usizitie ndani ya plastiki ya moto kama kitambulisho, kwani huwezi kuzitoa tena. Piga picha kila ukurasa kwa simu, mchana, karibu na dirisha lakini si juani, na uhifadhi nakala mahali pawili. Mtafute ustadhi anayesoma khati za zamani, aandike orodha fupi: hii ni hati ya nyumba, hii ni dua, hii ni utenzi, hii ni barua ya deni.

Akija mgeni mwenye maneno matamu akitaka kununua au kuazima, mpe picha, usimpe asili. Na kabla ya kuchoma chochote, uliza mwenye elimu. Juzuu iliyochakaa ina hukumu yake, na hati ya shamba ina yake.

JAMBO LA MWISHO

Katiba yetu, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya maktaba na makumbusho. Kaunti za Pwani zina kazi hiyo, na Kitui na Makueni vile vile. Kisheria hakuna kinachomzuia Gavana wa Makueni kuomba nakala za faili za DC/MKS ziwekwe Wote, ili mwalimu mstaafu asilale Nairobi kutafuta njaa ya kwao. Wala hakuna kinachozizuia Lamu, Mombasa, Kilifi na Kwale kufanya hivyo hivyo na faili za Pwani, na kuwapa wenye makasha mahali pa kuaminika pa kupiga picha bure na kurudi na mali yao.

Majengo hayakosekani. Miji yetu imejaa nyumba za mawe zilizofungwa, afisi za forodha za zamani, mabohari na matawi ya benki yaliyohamia kwenye simu. Nairobi walichukua benki moja wakaifanya nyumba ya kumbukumbu ya nchi nzima. Sisi tukipata chumba kimoja kikavu chenye mlango mzito na mtu mmoja mwaminifu, tumeanza.

Wagombea wa 2027 wameshaanza kupita vijijini na fulana. Akifika kwako, muulize swali moja ambalo hakulizoea: karatasi zetu utaziweka wapi? Wallahu aalam.